Sauti Iliyosema Shusha

Jumanne ya tarehe 12 Novemba 2024, mchana kweupe, foklifti ilishusha magunia ya korosho juu ya mke wangu.

Dereva aliapa kwa Mungu wake kwamba aliambiwa ashushe.

Tatizo ni moja. Mtu wa kumwambia ashushe hakuwepo pale.

Najua hakuwepo, kwa sababu mtu huyo ni mimi.

Mtanisamehe nikikosea herufi. Shule niliishia darasa la tano pale Lulindi, na simu yenyewe ina ufa kioo kizima. Lakini hili jambo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na waliolisababisha bado wanapita barabarani wamepandisha vioo vya magari yao. Kwa hiyo leo nasema.

Nilikuwa naongoza foklifti kwenye ghala moja la korosho hapa Masasi, upande wa barabara ya Newala. Jina la ghala silitaji. Wenyewe wanajijua.

Wengi hamuijui hii kazi.

Foklifti ni kile kigari chenye meno mawili ya chuma kwa mbele. Kinachomeka meno chini ya chaga, yale majukwaa ya mbao, kinanyanyua magunia na kwenda kuyapanga juu kabisa, karibu na bati. Sasa dereva akishanyanyua mzigo, mbele haoni kitu. Anaona magunia tu. Ni kama mtu anayetembea amejifunika shuka usoni.

Macho yake ni mimi.

Nasimama pembeni anaponiona, kizibao cha kung'aa mwilini, filimbi mdomoni. Mkono ukipanda, anapandisha. Kiganja kikitazama chini, anashusha. Nikikunja ngumi, anasimama palepale. Nikikunja mikono yote kifuani kama msalaba, meno yanalala sakafuni, injini inazimwa, na hagusi kitu mpaka nirudi.

Mdomo hautumiki kabisa.

Aliyenifundisha, mzee mmoja wa bandarini Mtwara, alinionya siku ya kwanza tu. "Neno ni malaya," aliniambia, "linalala na kila mtu. Mkono una mume mmoja."

Nilicheka. Nilidhani ni uzee.

Pale ghalani waliniita Trafiki. Hasa kina mama washona magunia. Hawa kazi yao ilikuwa kukaa chini na zile sindano ndefu, wakiziba magunia yaliyochanika kabla korosho hazijamwagika. Midomo yao ilikuwa mikali kuliko sindano.

"Trafiki, leo umempiga nani faini?"

"Wewe hapo. Umepaki makalio katikati ya barabara."

"Yaondoe basi, si una foklifti!"

Mke wangu Getrude alikuwa mmoja wao. Mama Gift. Mwanamke wa Newala, amekulia kubeba maji kutoka bondeni, shingo imenyooka kama nguzo. Sauti yake ukiisikia hutaki kipaza sauti.

"Muacheni mume wangu," alikuwa akiwaambia. "Mwenzenu hata nyumbani anaongea kwa mikono. Akitaka maji ananyoosha kidole. Nikimkatalia anapuliza filimbi."

Wanavunjika mbavu. Mimi napuliza filimbi kweli, wanazidi kucheka.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha. Siyo makubwa, lakini yalikuwa ya kwetu.

Dereva wangu alikuwa Bonifasi, kijana wa Lupaso. Mpole, mwimba kwaya. Uraka, ile pombe ya mabibo, alikuwa anakunywa, sikatai, msimu wake nani hanywi huku kwetu? Ila alikunywa Jumapili nyumbani kwao. Kwenye mashine sikuwahi kumsikia hata harufu, na mimi nilikuwa nasimama naye kila siku ya Mungu.

Sasa siku hiyo ya Jumanne.

Wakubwa walikuwa na wageni, wanunuzi. Toka asubuhi Meneja Cecil alikuwa anazunguka na tai shingoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Fagia hapa. Ondoa kile. Panga haraka, wageni wasikute magunia chini.

Kwani wageni wanakuja kuona korosho au kuona sakafu? Mimi niliuliza moyoni tu.

Tuko katikati ya kazi, Bonifasi ana chaga hewani, nikamuona Anwari, mlinzi wa getini, anakuja mbio ameshika kofia.

"Trafiki, unaitwa getini."

"Mashine inafanya kazi, Anwari."

"Magari ya wageni yanataka kupaki. Moja limeshagusa nguzo."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Meneja kasema wewe ndiye unajua kuongoza."

"Naongoza foklifti. Siongozi Prado."

"Kaka, mimi nimetumwa tu. Kamwambie mwenyewe."

Mtu mwenye ajira ya msimu huwa habishani mara mbili. Nikamgeukia Bonifasi, nikakunja mikono kifuani.

Boni akashusha mzigo sakafuni taratibu. Akazima. Akaninyooshea dole gumba, akafungua chupa yake ya maji.

Nikaondoka.

Mama Gift sikumuaga. Alikuwa nyuma ya mlundo, anashona. Nani anamuaga mke wake kwenda getini?

Getini nikakuta Prado nyeupe, dereva amevaa miwani nyeusi. Nampungia, ananitazama kama anatazama mbuzi wa jirani. Nyuma. Nyuma kidogo. Kata kulia.

Hapo ndipo niliposikia.

Nimekaa na magunia miaka mingi. Gunia likianguka lina mlio wake, puu, basi. Huu haukuwa mlio wa gunia. Ghala lilikohoa. Lilikohoa mara moja, zito, kama mzee mwenye kifua, na vumbi likatoka mlangoni.

Halafu kimya.

Halafu kina mama.

Nilikimbia. Njiani nikawa najiambia si kwetu, si kwetu, si kwetu. Mtu anaweza kumuombea mwenzake mabaya kwa namna hiyo na asijue.

Nilikuta Bonifasi amepiga magoti, anavuta magunia kwa mikono mitupu, kucha zinatoka damu. Pembeni yake sakafuni kulikuwa na sindano ya kushonea. Ilikuwa bado ina uzi. Uzi ulikuwa umenyooka, umeingia chini ya mlundo.

Nikaufuata ule uzi kwa macho.

"Nimeambiwa shusha!" Boni alikuwa analia. "Baba Gift, nimeambiwa shusha! Wallahi nimeambiwa shusha!"

Mkristo wa Lupaso, mwimba kwaya, anaapa kwa wallahi. Ndipo ujue mtu amechanganyikiwa.

Tulifika naye Ndanda hospitali. Tulifika na mwili.

Tukamzika Lulindi, kwenye makaburi ya ukoo wetu. Wakubwa walikuja msibani, wamevaa vizuri kweli. Walileta mchele na sukari. Meneja Cecil akasimama mbele ya watu, akasema ajali haina kinga, akasema kampuni imempoteza mama mchapakazi.

Kisha akashusha sauti kidogo, kama anayetoa siri kwa watu wote wa kijiji.

"Uchunguzi wa awali unaonyesha dereva alikuwa amekunywa."

Watu wakaguna. Bonifasi alikuwa ameshawekwa ndani tayari.

Nilipomaliza matanga nikarudi kazini. Watu walinishangaa. Mama yangu mdogo aliniuliza, "Mwanangu, utasimamaje pale alipofia?"

Nilirudi kwa sababu moja. Nilitaka ile sauti.

Ghalani nilikuta hali imebadilika. Safu ya nyuma, pale alipofia mke wangu, hakuna mtu aliyekuwa anaingia. Kina mama walikuwa wanashona mlangoni, kwenye jua, hawataniani tena. Dereva mpya aliyeletwa kutoka Mtwara alifanya kazi siku chache, siku moja akaiacha mashine inaunguruma akatoka nje.

"Kuna mtu ananiita kule," alisema. Hakurudi.

Maneno yakaenea. Ghala limeingiwa. Ukikaa kimya safu ya nyuma utasikia neno. Meneja akaleta sheikh asubuhi, akaleta padri mchana, siku hiyohiyo, ili mzimu usipate pa kujificha.

Mimi siamini mzimu wa kupanga korosho. Mzimu hauna haraka na wageni.

Nilijua ni mtu. Mtu mwenye koo na ulimi, anayekula ugali na kulala usingizi.

Nikaanza kumtafuta.

Nilifanya hivi. Nilikuwa nabeba gunia begani, ninakwenda nalo kwa mtu, namuuliza, "Nishushe wapi?"

Lazima atajibu. Lazima atalitamka.

"Shusha hapo, Trafiki."

Nafumba macho, nasikiliza. Siyo yeye. Kesho nabeba kwa mwingine.

Anwari mlinzi alilisema kwa upole, kama anayeomba radhi. Mtunza stoo alilisema huku anatafuna. Vijana wa kupakia walilisema wakicheka, na mmoja wao akaacha kucheka ghafla aliponiona usoni. Nadhani alielewa.

Kuanzia hapo watu wakaanza kunikwepa. Nikija na gunia, wananyoosha kidole tu. Ghala zima likawa linaongea kwa mikono, jamani. Nilikuwa nimewafundisha bila kujua.

Walionikwepa zaidi ni kina mama. Nikikaribia, mazungumzo yanakatika kama redio iliyoisha betri. Hasa Loveness. Huyu alikuwa binti mdogo kuliko wote, alikaa kushona pamoja na mke wangu siku zote. Nikimsalimia anaitika akiangalia chini.

"Shikamoo Baba Gift."

"Marahaba. Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekwenda kunawa."

Haraka namna hiyo. Hata sijamaliza swali.

Nikaenda mahabusu kumuona Bonifasi. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Boni, sina ugomvi na wewe. Niambie kitu kimoja. Ile sauti, ya nani?"

Akatazama kucha zake. Zilikuwa zinaota upya, mbayambaya.

"Baba Gift, nenda nyumbani."

"Ya mwanaume au ya mwanamke?"

"Nenda nyumbani, nakuomba. Mtunze Gift."

"Ilikuwa ya Meneja?"

Akafunika uso kwa mikono, akalia. Hakusema ndiyo. Hakusema siyo.

Mimi nikachukua kile kilio nikakifanya ndiyo.

Siku iliyofuata nikabeba gunia mpaka mbele ya Meneja Cecil. Alikuwa anasoma simu.

"Mkubwa, nishushe wapi?"

Hakuinua hata macho. "Shusha kule! Shusha haraka!"



Ndiyo hii, nikasema. Hii amri. Hii haraka. Mtu aliyezoea kusema na wenzake kama anasema na ng'ombe. Nikaona picha nzima: mimi nimeondolewa, wageni wanaingia, mkubwa anataka kujionyesha, anapaza sauti kutoka mlangoni, shusha! Mke wangu yuko chini.

Nilishusha lile gunia taratibu kuliko gunia lolote maishani mwangu.

Meneja alikuwa na shamba la mikorosho njia ya Newala. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kulizungukia, peke yake, na viatu vya mpira. Kila mtu alilijua hilo.

Jumapili hiyo sikwenda kanisani.

Nilikaa uani nikinoa panga. Gift nilikuwa nimempeleka kwa bibi yake Newala, nikamwambia namfuata. Sikumwambia namfuata nikiwa mtu wa namna gani.

Nanoa, namwagia maji, nanoa.

"Hodi hapa."

Loveness. Amevaa gauni la kanisani, kitabu cha nyimbo mkononi. Akalitazama panga, akanitazama mimi.

"Shikamoo Baba Gift."

"Marahaba."

"Jumapili unapalilia nini?"

"Shamba la mtu."

Hakukaa. Hakuondoka. Alisimama pale.

"Watu wanasema unamtafuta aliyesema shusha."

"Nimeshampata."

"Hujampata."

Nikaacha kunoa.

"Baba Gift, weka hilo panga chini kwanza. Siongei mpaka uliweke."

"Ongea, mtoto wa kike, usinipotezee muda."

"Weka!"

Nililiweka. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu tangu msiba hakuna mtu aliyekuwa amenipigia kelele.

Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akakikumbatia kile kitabu.

"Sikuwa nimekwenda kunawa," akasema. "Nilikuwa pale. Mama Gift aliniambia niende kona ya pili nimletee uzi, ndiyo nikapona. Nilipogeuka, mashine ilikuwa imeshanyanyua mzigo, inasogea. Yeye amekaa chini, kando ya mlundo, ameinama, gunia mapajani. Alisikia injini imeshamfikia. Akatafuta kizibao chako, hakukiona. Nyuma yake magunia, mbele yake tairi."

"Halafu?"

"Akainua mkono, akapiga kelele."

"Alisema nini?"

Loveness akaanza kulia.

"Baba Gift, wewe unapanda Hiace na sisi kila jioni. Mama Gift akifika kwake huwa anasemaje?"





Kila jioni, njia panda ya kwetu, mke wangu alikuwa hangoji konda. Alikuwa anapiga bati la Hiace kwa kiganja na kupaza ile sauti yake ya Newala, abiria wanashtuka, dereva anafunga breki. Hakuwahi kusema simama. Hakuna mtu huku anayesema simama. Ukitaka gari lisimame, unasema neno moja.

Shusha!

"Alisema shusha," Loveness akasema. "'Shusha! Shusha bwana!' Alitaka lisimame. Alitaka lisimame tu, Baba Gift. Boni alikuwa upande wa pili wa mzigo, hamuoni. Akasimama kweli. Kisha akashusha."



Nikauliza, "Boni anajua?"

"Aliitambua ile sauti. Nani asiyeitambua sauti ya Mama Gift? Alituambia sisi kina mama, kabla polisi hawajamchukua, tusikwambie. Alisema bora afungwe yeye kuliko wewe ujue mkeo alijiitia mwenyewe."

Ndiyo maana aliniambia niende nyumbani.

Nilikuwa nimebakiza saa chache nimuue mtu kwa neno lililotoka kinywani mwa mke wangu.

Msinielewe vibaya. Meneja Cecil simuonei huruma mpaka leo. Ila panga nililirudisha darini.

Sasa hapo ndipo mtihani wenyewe ulipoanza.

Wakaitisha kikao. Walikuja watu wa usalama kazini kutoka mkoani, kiongozi wao mama mmoja mtu mzima, Bi Julia, miwani imening'inia kifuani. Bonifasi alikuwa ametoka kwa dhamana ya shemeji yake, akakaa kona, shati linampwaya. Wakubwa wamejipanga meza ya mbele na maji ya chupa.

Nikiwa pale nikawa napiga hesabu ya kichwani. Nikikaa kimya, Bonifasi anaozea ndani kwa ulevi ambao hakulewa. Nikisema, wakubwa watamtupia marehemu. Watasema mwenyewe ndiye aliyeagiza. Mke wangu hana wa kumsemea isipokuwa mimi, na mimi ndiye ninayekwenda kumtaja.

Loveness alikuwa ananiangalia. Alikuwa tayari kusimama. Lakini alikuwa na ajira moja na wadogo zake wawili wa kulisha, na pale mezani walikuwa wamekaa watu wa kumfukuza.

Nikasimama mimi.

"Jina?" Bi Julia akauliza.

"Anthony. Ila pale ghalani wananiita Trafiki."

Wakubwa wakatabasamu.

Nikasema yote. Hiace, njia panda, kiganja kwenye bati. Nikasema neno lilikuwa la mke wangu, na maana yake ilikuwa simama. Nikasema Bonifasi hakulewa. Nikasema lile neno abiria analisema hivi na dereva wa foklifti analisikia vile, na hakuna kati yao mwenye kosa, wote ni Waswahili.

Nilipomaliza, Meneja Cecil alivuta pumzi kama mtu aliyetua mtungi wa maji.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Kwa heshima zote kwa marehemu, amri aliitoa yeye. Kampuni hapa haihusiki. Ni bahati mbaya ya lugha."

Bahati mbaya ya lugha!

Aisee, nilitamani ardhi ipasuke, siyo inimeze mimi, immeze yeye na maji yake ya chupa. Mtunza stoo akatikisa kichwa kukubali. Mtu mmoja akaanza kukusanya vitu vyake.

Na mimi nikawa bado nimesimama. Namtazama Bonifasi.

Ndipo kitu kikanigonga. Toka Jumanne ile, polisi, wakubwa, sheikh, padri, mimi mwenyewe na gunia langu, sote tulikuwa tunakimbiza neno moja. Kuna jingine hakuna aliyeliuliza.

"Boni," nikamwita.

"Naam, Baba Gift."

"Mimi wakati naondoka, nilikufanyia nini?"

Akakunja mikono kifuani, kama msalaba. Watu wakaacha kukusanya vitu vyao.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilishusha mzigo. Nikazima. Nikawa nakunywa maji."

"Sasa nani aliiwasha tena mashine?"

"Mimi."

"Kwa nini? Mimi sikuwa nimerudi. Nilidhani ni kile kiburi chenu cha madereva."

"Hapana, Baba Gift." Akaishusha mikono. "Niliambiwa endelea."

Bi Julia akavaa miwani yake.

"Uliambiwa na nani?"

"Sikumuona, mama. Ilitoka nyuma yangu, mlangoni. Sauti ya mwanaume. 'Endelea, endelea, Trafiki atakukuta.' Nikajua ni ruhusa. Mlangoni pale hawasimami watu wadogo."

"Mbona hukusema hili polisi?"

"Nilisema. Waliniambia nijibu nilichoulizwa."

Kikao kizima kikageuza shingo kuelekea meza ya mbele.

"Mlangoni walikuwa nani?" Bi Julia akauliza.

Walikuwa wanne, hilo halina ubishi, Anwari aliwafungulia geti na kuwaona wakienda kusimama pale. Meneja Cecil. Mtunza stoo. Wageni wawili.

"Mimi nilikuwa nawaeleza wageni ubora wa korosho," Meneja akasema.

"Mimi nilikuwa kwenye simu," mtunza stoo akasema.

"Na wageni?"

"Wageni wameshaondoka nchini."

"Mwongo yupo kati yenu," nikasema.

"Trafiki, chunga mdomo wako."

"Nimeuchunga miaka yote. Kazi yangu ilikuwa kutotumia mdomo."

Meneja akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Nadhani tumepata tulichokuwa tunatafuta. Sauti imejulikana."

Imejulikana!

Kesi ya Bonifasi ikafutwa. Siku hizi yuko Lupaso, analima, mashine haigusi tena. Loveness yuko Newala, amejifunza cherehani. Mimi kizibao changu nilikitundika kwenye msumari pale ghalani nikaondoka, na wala hawakunikimbilia.

Kuhusu mke wangu, walihitimisha kwamba marehemu alitoa maelekezo yasiyo sahihi kwa mwendesha mtambo. Nilisomewa mara mbili ndipo nikaelewa. Mwanamke aliyekuwa ameinama anashona gunia lao, wameenda kumshitaki kaburini, ambako hana wa kumwekea dhamana.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashine, kwenye migodi, kwenye viwanda, bandarini, pokeeni ushauri wa mtu wa darasa la tano. Mtu akikupa amri na hujamuona uso, mkono wako usitoke mfukoni. Geuka kwanza. Mtazame. Mwambie, rudia mkubwa, sijakusikia. Mwenye nia njema atarudia. Na kama ni mkubwa wako, ndiyo umtazame zaidi, maana siku ya msiba atasema alikuwa kwenye simu.

Oktoba imekaribia. Mikorosho imeshatoa maua, na nasikia lile ghala limepakwa rangi mpya. Bi Julia tulikutana Masasi sokoni majuzi, akaniuliza hali, nikamuuliza swali langu, akavua miwani akaifuta, akasema, "Baba Gift, na mimi nawauliza mpaka leo."

Kwa hiyo nawauliza na ninyi, labda yumo mtu humu ndani anayesoma, labda yumo mwenyewe.

Mlangoni walisimama wanaume wanne.

Nani alisema endelea?